Land Rover 109 ya pwani na kobe wake: kuitunza gari, kisha kuiundia tela la kulala

Kabla hujanunua hata plaiwudi moja ya karavani, ingia uvunguni mwa gari. Tandika boksi, chukua tochi na bisibisi kuukuu, ulale chali saa nzima. Hapa Tanga wengi huanza na kitanda na jiko kwa kuwa hiyo ndiyo raha yenyewe, halafu wanakwama Tongoni na tela jipya linalong'aa, limefungwa kwenye gari ambalo chasisi yake imebaki rangi tupu.

Gari ninayoizungumzia ni Land Rover 109, Series III, dizeli ya lita 2.25. Series III zilianza kutoka kiwandani 1971 zikakoma 1985. Yangu ilifanya kazi shamba la mkonge, ikapita kwa mjomba, ikanifikia mimi ikiwa na kuku wawili wanaotagia kiti cha nyuma. Kama yako ni Land Cruiser au Defender, mengi yatakufaa, ila vipimo vya injini tafuta vya kwako.

Chumvi kwanza

Utasikia watu wakisema gari hii haishiki kutu kwa sababu bodi lake ni alumini. Nusu kweli. Chasisi ni chuma, fremu za milango ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma. Alumini ikigusana na chuma, katikati pakaingia maji ya chumvi, hapo pamezaliwa betri ndogo isiyozimwa, na anayeliwa ni alumini. Dalili yake ni unga mweupe kuzunguka ribiti na rangi iliyovimba kama andazi. Wala huna haja ya kukanyaga mchanga wa baharini. Ukilaza gari Raskazone usiku mmoja wa upepo, asubuhi pitisha kidole kwenye kioo ukilambe.

Sasa gonga. Anza na krosimemba ya nyuma, ile boriti ya chuma inayokatiza mwisho wa chasisi, maana ndiyo itakayobeba ndoano ya tela. Fuata mikono inayotoka kwenye chasisi kwenda kushika bodi, halafu mahali springi zinaposhikizwa, halafu sakafu ya miguuni. Chuma kizima hulia ngii. Kilichooza hulia pu, na bisibisi ikizama usijidanganye kwa rangi. Krosimemba iliyooza haivuti tela, hata liwe la kilo 200. Ikatwe yote, ichomelewe nyingine ya chuma cha milimita 3. Kabla fundi hajawasha mashine, wewe mwenyewe toa nyaya za betri na altaneta. Usimwachie. Altaneta yangu ya kwanza iliungua hivyo, na aliyechomelea aliniapia kwamba ilikuwa mbovu tangu zamani.

Chasisi ya gari hii ni boksi lenye uwazi ndani, na huko ndani ndiko matope ya miaka yote yamelala. Chini kuna matundu ya kutolea maji. Yazibue kwa waya, ingiza mpira wa maji upande mmoja, uache yatiririke upande wa pili mpaka yatoke meupe. Mimi ilinichukua asubuhi nzima, na ndani ya taka zile nilikuta nyuzi za mkonge. Iache ikauke siku tatu za jua la kaskazi, usifanye kazi hii masika. Kisha changanya grisi na oili ya gia namba 90, weka kopo juani ilainike, paka nje kwa brashi, na ndani rusha kwa bomba la dawa ya mimea lililostaafu.

Wako wanaopaka oili chafu ya injini. Niliwahi kufanya hivyo nikaacha. Inachuruzika uani, na ikigusa mipira ya breki inaivimbisha. Hata mchanganyiko wangu huo usiufikishe kwenye mipira.

Injini: tapeti, oili na hewa

Injini hii haitaki makubwa. Oili na filta yake mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, na nikiwa navuta tela kwenye vumbi kavu, mapema zaidi. Kichujio cha hewa ni kile cha bakuli la oili: lifungue, mwaga, osha kwa dizeli, jaza oili safi hadi alama. Vumbi jekundu la njia ya Amani likijaa humo, gari inapoteza nguvu na unaanza kumlaumu fundi wa pampu bure.

Tapeti ndizo watu wanazozikimbia, na hakuna sababu. Nafasi kati ya roka na ncha ya valvu ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, kwa valvu zote nane, za kuingiza na za kutoa. Nilifundishwa na mzee mmoja wa gereji ya Ngamiani aliyekuwa na fila geji (bapa nyembamba za kupimia nafasi) imechakaa kama kisu cha kumenyea machungwa.

"Zihesabu kutoka mbele, moja mpaka nane," akaniambia. "Kumbuka tisa tu, mwanangu."

"Tisa ya nini, mzee?"

"Ya kwanza ikiwa imebonyea chini kabisa, wewe rekebisha ya nane. Ya pili ikiwa chini, saba. Ya tatu, sita. Jumla yake tisa siku zote."

Ndivyo ilivyo. Tia gia ya nne, mtu asukume gari taratibu, wewe uangalie valvu ipi imefika chini kabisa. Toa ile namba kwenye tisa, na hiyo iliyobaki ndiyo ya kurekebisha. Legeza nati, zungusha skurubu hadi fila ipite kwa kukwaruza kidogo, kaza nati huku umeishika skurubu isizunguke nayo, upime tena. Hapo pa kupima tena ndipo wengi wanaporuka, na nati ikikazwa kipimo huwa kinahama. Injini iwe imepoa, usije ukaacha ngozi ya mkono.

Halafu kuna kula hewa. Dizeli ikiisha tangini, au filta ikibadilishwa, injini itazunguka bila kuwaka mpaka betri iishe. Acha stata. Legeza skurubu ya kutolea hewa juu ya filta, pampu kwa kile kimkono kidogo cha pampu ya kuvutia mafuta mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke nzima, kaza. Nenda kwenye pampu ya nozeli, fanya vivyo hivyo. Mwisho legeza nati za bomba mbili za nozeli, mtu apige stata hadi zitapike dizeli, kaza, itawaka. Uso weka mbali, mafuta ya hapo yanatoka kwa nguvu ya kupasua ngozi.

Chini ya gari

Tazama oili ya gia boksi, ya difu zote mbili, na ya yale matufe ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele. Tufe likiwa na mashimo ya kutu, oili sili mpya utaifunga leo na kesho kutwa itavuja. Ama ubadilishe tufe, ama ujaze grisi laini badala ya oili, kama nilivyofanya mimi. Propela shafti zina nipeli za grisi. Usiwe kama yule jamaa yangu aliyezipaka rangi nyeusi pamoja na chasisi, zikawa zimepotea miaka miwili.

Breki za dramu hurekebishwa kwa bolti iliyo nyuma ya sahani. Inua gurudumu, zungusha bolti hadi gurudumu ligome, rudisha nyuma kidogo tu lizunguke huru. Ukivuka maji ya chumvi, au ukitoka kwenye kivuko cha Pangani ukaingia fukwe za Ushongo, fungua dramu ukirudi uzioshe kwa maji baridi. Mchanga ndani ya dramu ni msasa.

Jambo moja la njiani, kwa sababu litakukuta ukiwa na tela. Saidshafti ya nyuma, ule mtaimbo unaotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu, ikikatika, injini italia na gari haitakwenda. Fungua bolti sita katikati ya haba, vuta shafti nje, na kipande kilichobaki ndani kitoe kwa sumaku au waya wenye ndoano. Kikikataa kutoka usilazimishe safari, kitatafuna difu. Kikitoka, funga frihabu za mbele kama zipo (vile vifungio vya haba vinavyoshikanisha gurudumu na shafti), sukuma chini kitufe cha njano kinachoingiza magurudumu ya mbele, utarudi mjini ukivutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Ila tela liache kwa mwenyeji. Gari ya kuvutwa na mbele tupu, na mzigo nyuma, itakuumbua kwenye mlima wa kwanza.

Kobe: anza na godoro

Sasa tela. Mafundi wa mtaani kwetu walilibatiza kobe kabla halijaisha, na jina likabaki.

Kila kipimo kinatoka kwenye vitu viwili vya dukani: plaiwudi, ambayo ni futi 8 kwa 4, na godoro la nne kwa sita. Sakafu ni plaiwudi moja nzima. Godoro linachukua futi 6 za mbele, futi 2 zilizobaki nyuma ni jiko. Kuta za ubavuni ni plaiwudi moja moja, zimesimamishwa nje ya ukingo wa sakafu, kwa hiyo ndani unabaki na futi 4 kamili na hakuna kipande kinachotupwa. Kimo ni futi 4. Utakaa kitako bila kugonga kichwa, kusimama ni nje. Nimeshaulizwa mara nyingi kwa nini nisingefanya tano kwa sita. Fanya, lakini utakata na kuunga plaiwudi, na kila maungio ni mlango wa maji.

Fremu ni bomba la mraba la milimita 40, unene 3. Ulimi ni mabomba mawili ya milimita 50 yanayotoka chini ya fremu, kuanzia kwenye ekseli, na kukutana mbele kama herufi A. Kutoka ukuta wa mbele hadi kichwa cha kufungia acha mita 1.2. Ukipunguza, siku ya kurudi nyuma kwenye kona pembe ya tela itabusu bampa. Kichwa chukua cha boli ya milimita 50, na funga minyororo miwili iliyopishana chini ya ulimi, ili ukichomoka udake juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

Magurudumu yawe ya gari yenyewe, 7.50-16, kwenye haba za Land Rover, zimefungwa kwenye bomba la mraba la milimita 60. Spea tairi inakuwa moja, beringi ni zile zile, spana ni ile ile. Hasara yake ni kwamba yakikaa nje ya bodi, kila tairi la tela linakanyaga kama sentimita 11 nje ya alama ya tairi la gari. Kwenye mchanga utalihisi, na kwenye daraja jembamba ukumbuke. Springi usiweke za 109, mimi niliweka. Zimetengenezwa kubeba tani, zikibeba kilo 400 hazinyumbuki hata kidogo. Safari ya kwanza ya Muheza trei nzima ya mayai ilifika uji. Zilizonifaa ni za pikapu ndogo, nikatoa vyuma vikabaki vinne kila upande.

Ekseli iwekwe wapi? Si katikati. Jiko liko nyuma, na jiko ni zito. Pima katikati ya bodi, kisha rudi nyuma sentimita 15 hadi 20. Usichomelee bado. Ishikize kwa yubolti, panga godoro, mtungi wa gesi, maji na vyombo, halafu pima ulimi. Mimi niliazima mizani ya mfanyabiashara wa machungwa, nikaweka gogo juu yake na ulimi juu ya gogo, tela likiwa limelala sawa. Unatafuta sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Langu likiwa limepakiwa ni kilo 430, kwa hiyo ulimi uwe kama kilo 43. Yule mwenye mizani alisimama pale mpaka mwisho, akasema hajawahi kuona mtu anapima gari kwa debe.

Na mimi nilijifunza kwa nini watu wanapima. Kabla ya siku hiyo niliweka madumu mawili ya maji ya lita 20 kwenye jiko, nyuma kabisa. Nikiteremka kutoka Muheza, tela likaanza kutikisa mkia: kulia, kushoto, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka mgongo wa gari nao ukafuata. Usikanyage breki kwa nguvu ikikutokea. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, uache ipungue yenyewe. Maji sasa hukaa mbele ya ekseli, chini ya godoro.

Tela langu halina breki zake, na kwa uzito huo 109 inalisimamisha. Ukifika kilo 700 au zaidi, tafuta ekseli yenye breki.

Mbao zisinywe

Kuta nilitumia plaiwudi ya milimita 9, sakafu 12, paa 6. Omba ile inayostahimili maji, na ukifika dukani omba kipande ukakichemshe nyumbani nusu saa. Ikiachana matabaka, huyo muuzaji muage.

Hapa nilipata elimu kwa fundi wa ngalawa wa Sahare. Nilimpelekea kipande changu kilichopakwa vanishi vizuri, kinang'aa pande zote mbili. Hakukitazama usoni. Akakigeuza, akaangalia ukingo, yale matabaka yanapoonekana, akachovya kidole kwenye maji na kuudondoshea tone. Tone likazama palepale.

"Ubao haunywi ubavuni," akasema. "Unanywa kichwani."

Kwa hiyo paka kingo kwanza, mara tatu, mpaka zikatae maji. Toboa matundu yote ya skurubu kabla ya kufunga, uyapake na yenyewe. Kona za nje nilizifunika kwa papi za mtiki. Muheza kuna shamba la mitiki la Longuza, na vipande vya mtiki vifupi hupatikana kwa maseremala kwa bei ya huruma. Chini ya papi tia silikoni nyingi hadi itoke pembeni, usiifute mpaka ikauke, kisha ikate kwa wembe. Skurubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida, kwa hewa yetu, msimu mmoja tu zinalia machozi ya kahawia ukutani.

Paa nililifunika bati la alumini. Mahali bati linapokutana na fremu ya chuma weka kipande cha mpira wa tyubu katikati. Ni ile habari ya betri ndogo tena, na tyubu ndiyo dawa yake rahisi.

Mlango uwe kushoto, ushukie pembeni mwa barabara na si mbele ya basi. Madirisha mawili, ubavu kwa ubavu, yenye wavu wa mbu. Bila upepo wa kupita, Tanga ya Februari itakutoa ndani saa saba za usiku. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukae kwenye kisanduku chake kinachofungukia nje, chenye matundu chini, kwa kuwa gesi ikivuja hushuka haipandi. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya kobe hata kama mvua inanyesha na chai hujanywa. Hewa yake ya sumu inaua watu wakiwa usingizini.

Taa na karatasi

Soketi ya pini saba ina mpangilio unaoeleweka: 1 njano, indiketa ya kushoto, 2 bluu, taa ya ukungu, mimi sikuitumia, 3 nyeupe, ethi (waya wa kurudisha umeme), 4 kijani, indiketa ya kulia, 5 kahawia, taa ya nyuma ya kulia, 6 nyekundu, breki, 7 nyeusi, taa ya nyuma ya kushoto. Ukiwasha indiketa na taa zote zikapepesa pamoja kama harusi, usibadilishe balbu. Ethi imeshika kutu. Ndiyo maana ethi ya tela ipite kwenye waya wake hadi soketi, isitegemee chuma cha ndoano. Ndani ya soketi paka vaselini.

Tela husajiliwa TRA na kupata namba yake. Nenda ukaulize wanachotaka kabla hujaanza kuchomelea, na risiti za vyuma, ekseli na matairi ziweke kwenye bahasha moja. Laifseva mbili (pembetatu za tahadhari) na kizimia moto vikae mahali unapofikia bila kushusha vyombo.

Safari ya majaribio

Usiende mbali. Tanga hadi Tongoni kwenye magofu ni kilomita kama 20. Upepo matairi ya gari mbele psi 25, nyuma 36 ukiwa umepakia, tela 25. Simama baada ya kilomita 5, ushike haba za tela kwa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuweka mkono, beringi zimekazwa mno, legeza hapo hapo. Kaza nati za magurudumu Tongoni, uzikaze tena ukifika nyumbani, rimu mpya hukaa sawa baada ya kutikiswa.

Safari ya pili nenda Pangani ulale. Ukitaka mchangani, punguza upepo mpaka 16 au 18 matairi yote, la tela lisisahaulike, na usiegeshe chini ya mstari wa mwani mkavu. Siku za bamvua maji yanapanda zaidi ya mita tatu, na yanapanda wakati umelala. Pampu ya mguu ibebe, maana kurudi lami na 16 ni kuchana matairi.

Ukifika nyumbani mpira wa maji unakwenda uvunguni kabla ya buli la chai: chasisi, springi za tela, ndani ya rimu, na yale matundu uliyoyazibua siku ya kwanza. Kisha fungua mlango wa kobe na madirisha yote, simamisha godoro, uliache hivyo mpaka jioni.